Mbwaa Iliyo Mlimani: Siku Moja ya Mtu wa Pwani katika Mji wa Meru

Fasihi ya safari katika Kiswahili, tangu ilipoanza kuandikwa kwa nathari, imekuwa aghalabu fasihi ya mtu wa pwani anayekwenda bara. Ukiacha sehemu chache zinazohusu Urusi na Ulaya, masimulizi aliyoyachapisha Carl Velten mwaka 1901 kwa jina la Safari za Wasuaheli yana mwelekeo huo; na ndivyo yalivyo maisha ya Hamed bin Muhammed el Murjebi, yaani Tippu Tip, kama alivyoyasimulia mwenyewe. Msimulizi anatoka mahali panapojulikana, penye bahari, msikiti na nyumba za mawe, akielekea mahali ambapo hadhira yake haijapata kupaona. Anatazama, anahesabu, anataja bei ya pembe na idadi ya siku za mwendo, kisha anarudi. Bara katika maandishi hayo ni kitu cha kutazamwa. Ni nadra msimulizi kujiuliza iwapo watu wa huko nao wana simulizi juu ya kule alikotoka yeye, na iwapo katika simulizi hiyo yeye ni mgeni, rafiki au adui.

Simulizi ya namna hiyo ipo, na ni mojawapo ya simulizi kuu za chimbuko katika Afrika ya Mashariki. Wameru, wakaao miteremko ya mashariki na kaskazini-mashariki ya Mlima Kenya na milima ya Nyambene, husimulia kwamba wazee wao waliishi mahali palipozungukwa na maji, palipoitwa Mbwaa. Huko walitawaliwa na watu walioitwa Nguo Ntune, yaani wenye nguo nyekundu, ambao waliwatumikisha na kuwapa amri zisizotekelezeka. Kiongozi wao, Koomenjwe, aliwatoa usiku. Walipofika ukingoni maji yalipasuka, wakavuka. Waliovuka kungali giza wakawa koo nyeusi, waliovuka alfajiri wakawa koo nyekundu, na waliovuka jua limekwisha kuchomoza wakawa koo nyeupe. Jeffrey Fadiman, aliyekusanya masimulizi ya Wameru mwishoni mwa miaka ya 1960 na kutoa kitabu chake kikubwa mwaka 1993, aliiweka Mbwaa katika kisiwa cha Manda, ng'ambo ya mji wa Lamu. Wengine wamelihusisha jina la Meru na Meroe ya kale, na wengine wameona katika maji yaliyopasuka athari ya mafunzo ya Biblia. Mjadala huo wa wanahistoria una thamani yake. Hata hivyo, kwa mhakiki wa fasihi lipo swali jingine lisilongoja jibu la mjadala huo: simulizi hii inasomwaje na mtu ambaye kwake Manda si jina katika ramani, bali ni ardhi aionayo kila asubuhi afunguapo dirisha?

Makala haya yanafuata siku moja ya msomaji wa namna hiyo. Ni mzaliwa wa Lamu, mwalimu wa fasihi mjini Mombasa, aliyekwenda Meru mwezi wa Agosti mwaka 2024 bila shughuli rasmi. Hakuwa na semina ya kuhudhuria wala hojaji ya kujaza. Alikuwa na siku moja ya kutembea, mwenyeji mmoja, na udadisi aliokuwa ameubeba kwa miaka mingi.

Safari ya kufika Meru ilimpitisha Embu, akalala huko usiku mmoja. Na hapo Embu ndipo alipotambua kwamba mtu wa pwani hawezi tena kupita bara kama mtazamaji tu. Miezi michache nyuma, mwezi wa Mei 2024, serikali za kaunti za Mombasa na Kilifi, na baadaye Taita Taveta, zilikuwa zimepiga marufuku muguka, majani yanayotafunwa ambayo hulimwa kwa wingi katika nchi ya Mbeere, sehemu ya chini na kavu ya Kaunti ya Embu. Mahakama Kuu iliyoko Embu ikasimamisha utekelezaji wa amri hizo. Magavana, wabunge na wakulima wakarushiana maneno magazetini kwa wiki kadhaa, na kwa muda pwani na Embu zikawa kama mataifa mawili yenye mpaka.

Msafiri alikuwa akila chakula cha jioni katika hoteli ndogo karibu na kituo cha magari, na muuzaji muguka aliyeketi meza ya pili akamtambua kwa matamshi yake. "Nyinyi watu wa Mombasa," alimwambia bila hasira, "mbona mnatuchukia, na bidhaa yetu mnaila?" Swali lilikuwa fupi, nalo lilikuwa la haki kwa kiasi chake. Kwa yule muuzaji muguka ni karo ya shule, ni mabati ya nyumba, ni zao pekee linalovumilia ukame wa Mbeere na kuchumwa mara kwa mara. Msafiri naye alikuwa na picha zake kichwani: wanafunzi wawili watatu aliowaona wakipotea darasani mmoja mmoja, macho mekundu, usingizi umewahama, na akina mama wa mtaa wake walioipokea ile amri ya Mei kama dua iliyojibiwa. Hakumjibu kwa hoja. Alimwambia tu kwamba pwani nako kuna wazazi. Muuzaji akaitikia kwa kichwa, akasema Mbeere nako wapo, na wote wawili wakarudia sahani zao.

Ni jambo la kuzingatia kwamba Embu, kwa upande wa simulizi, haina ugomvi wa kale na bahari. Simulizi ya chimbuko ijulikanayo zaidi huko ni ile ya Mwene Ndega na mkewe, nayo imefungamana na kichaka kitakatifu kilicho karibu na Runyenjes, ambacho kingali kinatajwa kwa jina lake. H. S. K. Mwaniki alichapisha matini za kihistoria za Waembu mwaka 1974, na msomaji anayezipitia anaiona ardhi yenye mizizi: vijito, misitu, mbuga za kuwindia, majirani wa kupigana nao na kuoana nao. Ugomvi wa Embu na pwani ni wa jana, una tarehe na nambari ya kesi. Ugomvi wa Meru na pwani ni wa kale mno, na umekwisha kugeuka kuwa sanaa. Huenda tofauti hii ndiyo inayomwezesha mtu wa pwani kuuzungumzia huo wa Meru kwa utulivu zaidi.

Kutoka Embu barabara inaelekea kaskazini, mlima ukiwa kushoto, nayo inapanda na kushuka kila mara kwa sababu mito itokayo mlimani imeikatakata nchi kama kisu: Thuci, Mutonga, Nithi na mingine mingi. Kila mto una bonde lake, na kila bonde lina mteremko mkali unaowanyamazisha abiria. Kwa mtu aliyezoea kuvuka maji kwa mashua, ni ajabu kuvuka maji mara nyingi hivi kwa saa tatu tu bila kulowa.

Siku yenyewe ilianza kwa ukungu. Agosti mjini Meru ni mwezi wa baridi. Asubuhi mlima hauonekani, na watu hutembea wamejikunyata ndani ya makoti. Msafiri alitoka amevaa shuka ya sufi juu ya kanzu na makubadhi miguuni, kwa kuwa viatu vya kufunika vilikuwa vimelowa njiani. Aliingia hotelini akaagiza chai, akaletewa chai ya maziwa mengi pamoja na nduma za kuchemsha. Alimuuliza mama mwenye hoteli maziwa huitwaje kwa Kimeru. "Iria," alijibiwa. Na bahari? Mama alifikiri kidogo, akacheka, akasema ni iria vilevile. Kama lipo jambo linalotofautisha maneno hayo mawili kwa sauti, sikio la mgeni halikulinasa. Wanaisimu watasema hapo hapana ajabu, kwa sababu lugha jirani ya Gikuyu nayo inalitumia neno hilo kwa maziwa na kwa maji makuu. Lakini mwanafasihi ana ruhusa ya kusita kidogo mbele ya watu ambao bahari waliyoikimbia na maziwa wanayomlisha mtoto wameyaita kwa neno moja.

Soko la Gakoromone lilikuwa limekwisha kuchangamka alipofika. Palikuwa na ndizi za kila aina, viazi vikuu, maharagwe ya rangi ambazo pwani hazipatikani, kabeji zilizorundikwa kama mawe ya msingi, na mahali pa miraa iliyofungwa ndani ya majani ya mgomba ili isinyauke. Miraa ya Nyambene ni zao la heshima kuliko muguka. Ina miti ya kale inayorithiwa, ina majina mengi, na ina msamiati wa kibiashara ambao mzaliwa wa Lamu aliusikia utotoni bila kujua ulikotoka. Ile kilo iuzwayo ni fungu lenye desturi yake wala haiwekwi kwenye mizani. Mali hii hukimbizwa kwa magari hadi pwani, Nairobi na viwanja vya ndege, kwa kuwa uzima wake ni wa siku chache. Wakati Uingereza ilipoipiga marufuku mwaka 2014, na Somalia ilipozuia isiingie kati ya mwaka 2020 na 2022, mtikisiko ulisikika hapa sokoni kama unavyosikika bandarini melini mwenye mzigo asipoonekana. Msafiri alisimama akatazama wapakiaji. Walivyoitana, walivyohesabu kwa sauti, walivyomtukana dereva aliyechelewa, vilimkumbusha gati. Yamkini bandari haifanywi na maji, bali na mali inayoharibika, saa inayokimbia, na watu wa mbali wanaosubiri upande wa pili.

Saa nne hivi alifika kwenye makumbusho. Jengo lake ni la mawe, la zama za ukoloni. Lilikuwa ofisi ya mkuu wa wilaya kabla ya kufanywa makumbusho mwaka 1974. Humo na katika uwanja wake huoneshwa vyombo, silaha, dawa za miti na mfano wa nyumba za kale za Kimeru. Msafiri hakukaa sana mbele ya makabati. Kilichomshughulisha ni historia ya mji wenyewe. Mwaka 1908 afisa wa Kiingereza, Edward Butler Horne, alianzisha hapa kituo cha serikali, na Wameru wakampa jina la Kangangi, yaani yule mdogo azururaye. Alikuwa mtu wa umbo dogo, naye alizunguka sana. Alitembea kutoka kilima hadi kilima, akizungumza na wazee, akitazama. Baada ya matembezi hayo zikaja barabara zilizochimbwa kwa jasho la vijana, na ikaja kodi.

Jina hilo ni uhakiki mfupi kuliko uhakiki wowote ulioandikwa juu ya fasihi ya safari. Waliolibuni walikuwa wamegundua kwamba mtu anayetembea bila shughuli inayoonekana huenda akawa na shughuli isiyoonekana. Wasafiri wa nathari ya Kizungu wameupamba sana mwendo wa kupitisha wakati, mtu na fimbo yake, asubuhi nzima katika mji wa kigeni, akisimama apendapo. Jina la Kangangi linauliza: ni nani anayeweza kuzurura hivyo bila kuulizwa anatafuta nini? Msafiri wa Lamu hakuwa na serikali nyuma yake, wala hakukusudia kumtoza mtu chochote. Hata hivyo alitambua kwamba kuzurura kwake kuna deni. Anayetazama hana budi kukubali kutazamwa, na anayekuja kusikiliza simulizi ya wenyeji sharti akubali nafasi aliyopewa ndani yake.

Adhuhuri ilimkuta Majengo. Jina hilo lipo katika miji mingi ya Kenya, nalo kwa kawaida linaonesha mtaa uliokaliwa na Waislamu, wengi wao wakiwa wazao wa wapagazi, askari na wafanyabiashara waliofuata misafara na baadaye serikali. Alisali pamoja na watu ambao nyuso zao zilikuwa za kila upande wa nchi, na baada ya sala akaketi nao kidogo kibarazani. Kiswahili chao kilikuwa na maneno ya Kiamu yaliyokwisha kusahauliwa Lamu kwenyewe, na papo hapo kilikuwa na mahadhi ya mlimani. Hakuna aliyemwuliza kama Kiswahili hicho ni sanifu. Si ajabu kwamba H. E. Lambert, aliyewahi kuwa mtawala wa wilaya hapa Meru katika miaka ya 1930, ndiye yule aliyekuja kuandika katika miaka ya 1950 juu ya lahaja za pwani kama Kivumba, Chi-Jomvu na Chi-Chifundi. Njia kati ya mlima huu na lahaja za bahari imepitwa na watu wengi, baadhi yao wakiwa na kalamu.

Saa tisa mwenyeji wake, mwalimu wa shule ya upili, alimpeleka kwa mzee mmoja aliyestaafu ualimu, ambaye sasa anatambulika kwa simulizi zake. Mzee alikuwa ameketi uani juani, kwa kuwa ukungu ulikuwa umeondoka, fimbo magotini. Msafiri aliinama akamwamkia, "Shikamoo mzee." Mzee hakuitikia mara moja. Alimtazama, kisha akamwuliza mwenyeji, "Huyu ametoka wapi?" Alipojibiwa kwamba mgeni ni mtu wa Lamu, akacheka hadi fimbo ikaanguka. "Marahaba," akasema. "Leo mtu wa Mbwaa ameshika miguu yangu." Wapo wanaoeleza kwamba salamu hiyo ilianzia katika unyenyekevu wa mtumwa kwa bwana, na iwe kweli isiwe kweli, wote watatu walikuwa wameyasikia maelezo hayo, na wote watatu walielewa mzaha.

Mzee alisimulia. Alianza na amri za Nguo Ntune. Wazee walitakiwa walete viatu vya ngozi vyenye manyoya juu na chini. Wakashauriana, wakaichukua ile ngozi inayoning'inia shingoni mwa ng'ombe, ambayo ina manyoya pande zote mbili, wakashona. Alipofika hapo aliyatazama makubadhi ya mgeni. "Hivi vyako," akasema, "havina hata upande mmoja." Kisha amri zikazidi, moja juu ya nyingine, hadi walipotakiwa walete mkuki utakaogusa ardhi na mbingu kwa pamoja. Kwa mkuki huo hapakuwa na hila. Palikuwa na kuondoka tu.

Simulizi ilipofika kwenye maji, msafiri aliomba ruhusa ya kusema. Alieleza jambo ambalo mtu wa Lamu analijua bila kufundishwa: kwamba kati ya kisiwa cha Manda na bara pana mlango mwembamba, Mkanda, ambao vyombo huupita maji yakijaa tu, maana yakipwa hubaki kina kidogo mno. Bahari hupwa mara mbili kati ya usiku na mchana, na siku za bamvua maji huondoka mbali zaidi. Watu wengi wakitaka kuvuka kwa miguu wangevuka kwa mafungu, wengine usiku, wengine alfajiri, wengine baadaye, kila fungu likiyavizia maji. Alilieleza hilo kwa furaha ya mtu aliyeleta zawadi. Kwake lilikuwa ni ushahidi kwamba wasimulizi wa mlimani wamehifadhi, kwa vizazi na vizazi bila kuiona bahari, kumbukumbu sahihi ya mwendo wake.

Mzee alisikiliza hadi mwisho. "Mwalimu," akasema, "maji yakipwa, anayekimbia anavuka. Na anayemfukuza je?"

"Naye anavuka," alijibu msafiri.

"Basi hayakupwa. Yalipasuliwa."

Jibu hilo linastahili kuzingatiwa na kila mhakiki wa fasihi simulizi, kwa maana linaonesha mpaka wa aina fulani ya usomaji. Usomaji unaotafuta kiini cha kweli nyuma ya muujiza, kimbunga nyuma ya hasira ya miungu, maji kupwa nyuma ya bahari iliyopasuka, unadhani kwamba umeipa simulizi heshima kwa kuithibitisha. Lakini papo hapo umeinyang'anya hoja yake. Maji yanayopwa hayana upande. Humpisha mtumwa, humpisha bwana, humpisha na mbwa. Ukisema maji yalikupwa, umesema kwamba waliotoka Mbwaa walitoka kwa bahati ya kalenda. Simulizi inasema neno jingine: kwamba palikuwa na njia iliyofunguliwa kwa ajili ya waliodhulumiwa na kufungwa mbele ya waliodhulumu. Hiyo ni kauli ya kisiasa na ya kimaadili. Wala haiwezi kupimwa kwa jedwali la bamvua.

Hata hivyo haifai kudhani kwamba maarifa ya msafiri hayana nafasi. Mzee mwenyewe, baada ya kushinda hoja, alimwuliza maswali mengi juu ya Mkanda: upana wake, matope yake, mikoko, muda wa maji kurudi. Aliyataka maelezo hayo kama msanii anavyotaka rangi. Inawezekana kabisa kwamba atakaposimulia tena, matope ya Mkanda yatakuwamo. Hivyo ndivyo simulizi inavyoishi: haisahihishwi na mgeni, bali humla mgeni na kumgeuza kuwa sehemu ya mwili wake. Mtu wa Mbwaa aliyekuja kuthibitisha kisa ametoa mchango mdogo wa mandhari, na kisa kimebaki cha wenyewe.

Hapo ndipo linapojitokeza suala la milango miwili. Fasihi andishi ya Kiswahili ina utenzi wake mkuu juu ya anguko la mji wa kisiwani: Al-Inkishafi wa Sayyid Abdalla bin Ali bin Nasir, unaoyalilia majumba ya Pate yaliyokuwa na taa na fahari, yakabaki magofu. Ni utenzi wa toba na wa huzuni, na hakuna mzaliwa wa visiwa vile asiyeguswa nao. Lakini unaitazama nyumba kutokea sebuleni. Walioifuta ile taa, walioteka maji, walioishi ghorofa ya chini pamoja na mizigo, hawana sauti ndani yake. Simulizi ya Mbwaa inakitazama kisiwa kutokea mlango wa nyuma, wa wale waliotoka usiku na hawakurudi kulilia chochote. Haina magofu, kwa sababu mtumwa hajengi nyumba ya kuachia majonzi. Utumwa ulipoteza uhalali wa kisheria katika pwani ya Kenya mwaka 1907, mwaka mmoja tu kabla ya Kangangi kufungua kituo chake mlimani. Maana yake, wapo wazee wa Lamu wa miaka ya ujana wa msafiri ambao babu zao waliyaona mambo hayo kwa macho. Msafiri mwenyewe alikulia katika nyumba ya mawe yenye ghorofa ya chini. Hakupata kuelezwa ni nani aliyelala humo.

Wanaosema kwamba Nguo Ntune walikuwa Waarabu, au Waswahili, au Wareno, wote wanatafuta mtu wa kumtwika lawama au wa kumvua. Fasihi haina haja ya kufika huko. Inatosha kutambua kwamba mwenye nguo nyekundu ni mhusika anayeweza kuvaliwa na yeyote mwenye kutoa amri ambayo lengo lake si kitu kinachoagizwa bali ni kushindwa kwa anayeagizwa. Kithaka wa Mberia, mzaliwa wa Tharaka, amekwisha kulionesha hilo katika Kifo Kisimani, tamthilia iliyotoka mwaka 2001 na kusomwa na kizazi kizima cha wanafunzi wa shule za upili nchini Kenya. Huko Butangi mtawala Bokono ameyashika maji, na Mwelusi anayewatetea wanyonge anaishia kuuawa na nduguye. Si lazima kudai kwamba mwandishi aliichukua Mbwaa akaiandika upya. Lakini msomaji aliyeketi uani kwa mzee wa Meru, akasikia habari za maji na mabwana, hawezi tena kuisoma tamthilia hiyo kama kazi ya mtu aliyejifunza Kiswahili akaja kuwa mgeni wa fasihi yake. Mberia alikuja na maji yake mwenyewe. Na mjadala wa muda mrefu juu ya ni nani mwenye haki ya kutunga kwa Kiswahili na kwa arudhi ipi, ambao umewashughulisha wahakiki wa pwani na bara tangu miaka ya 1970, ungepata sura nyingine kama pande zote zingekumbuka kwamba bara imekuwa ikiisimulia pwani kwa muda mrefu kabla ya kuanza kuandika kwa lugha yake.

Kutokana na hayo linafuata pendekezo moja la ufundishaji. Al-Inkishafi na simulizi ya Mbwaa zifundishwe katika somo moja, zikisomwa bega kwa bega, bila kuitumia moja kuisuta nyingine. Mwanafunzi wa Lamu ajue kwamba kisiwa chake kina mlango wa pili. Mwanafunzi wa Meru naye ajue kwamba nyumba waliyotoka wazee wake hatimaye ilianguka, na kwamba waliobaki ndani waliilia kwa ushairi ambao bado haujapata kifani. Na mwanafunzi wa Embu, ambaye mwaka 2024 alisikia pwani ikitajwa kama adui wa shamba la babake, apate kuona kwamba ugomvi ukisimuliwa vizuri unaweza kudumu bila kuua.

Jioni, mlima ulijitokeza kwa muda mfupi, kilele kikiwa na weupe kidogo, kisha mawingu yakaufunika tena. Mwenyeji alimsindikiza msafiri hadi penye magari ya Nairobi. Mzee alikuwa amemtumia zawadi kwa mkono wa mjukuu wake: chupa ya maziwa, na maneno ya mdomo kwamba mgeni akifika kwao awasalimie Nguo Ntune, awaambie ule mkuki bado unatengenezwa.